Supu ya Miguu ya Maabara

Kila Jumanne, saa kumi na mbili unusu asubuhi, Nyamai alisimama kwenye lango la machinjio yaliyo karibu na Kawangware, akachagua miguu kumi na miwili ya ng'ombe, ya mbele tu. Juu ya kila ukwato alichora namba kwa msumari uliochomwa moto, kwa mwandiko aliofundishwa misheni, kila saba ikiwa na kistari kiunoni. Kisha aliibeba hadi nyumba nyeupe ambamo Daktari Khamala alifanyia utafiti wake.

Siku alipomwajiri, mwaka wa 1994, Khamala alimweleza kazi yenyewe. Penye kiungo, ncha ya mfupa hufunikwa na gegedu, mfupa laini kama ule wa sikio. Ndani ya gegedu zimo seli zifumazo proteoglikani, yaani ute unaoshika maji kama sifongo ili mfupa usisage mfupa. Miguu ililowekwa dawa, kisha gegedu likakwanguliwa na kupimwa.

"Dawa hizi huondoa maumivu, mzee," alisema, "lakini baadhi huziamuru seli ziache kufuma. Nataka kujua ni ipi inayozizuia zaidi."

Miguu iliyokwisha kukwanguliwa ilikabidhiwa Chege, mtunza stoo, aiteketeze shimoni.

Nyamai hakuwahi kutoka na hata msumari wa kazini. Kwa hiyo magoti ya mkewe Kanini yalipoanza kumtesa, hakuomba mguu hata mmoja. Alimnunulia supu ya miguu kwa Adero, katika Soko la Toi, kama wapangaji wenzake wa mtaa wa Gatwekera walivyofanya tangu zamani. Yeye mwenyewe hakuigusa. Harufu ya kazini ilikuwa imemkinaisha.

Siku ya tatu maumivu ya Kanini yakakoma. Wiki ya pili masikio yake yakalala, yakakunjika kama mchicha uliopitishwa kwenye maji ya moto. Wiki ya tatu akapungua kimo kwa upana wa kidole. Akapandisha pindo la sketi, akaendelea kufua nguo za watu.

Hakuwa peke yake. Alfajiri vibarua walipoteremka kwenda kazini, magoti yao yalisaga kwa sauti nzito, hata mwenye mashine ya unga akalalamika kwamba wateja wake hufuata sauti ile na kupotea. Tonny, kijana muuza mitumba ambaye sasa alivaa suruali za watoto, alimsimamisha Nyamai sokoni.

"Niaje, mzee. Bado uko mrefu hivi? Kwani hukunywangi supu?"

Jumamosi moja, akisubiri chupa yake ijazwe, Nyamai alipita nyuma ya kibanda cha Adero. Kwato zilirundikwa kando ya meko, zimegandamana kwa mafuta ya kijivu, nzi wakitembea juu yake bila haraka. Juu ya ukwato mmoja palikuwa na namba thelathini na saba. Saba ilikuwa na kistari kiunoni.

Mate yalimjaa kinywani. Alikuwa amefundishwa kutotema mate mbele ya wanawake, basi akayameza, na yakashuka kama funza.

Adero hakumficha lolote. Siku hizi miguu aliletewa na Chege, tena safi, imeoshwa kwa dawa.

"Supu yangu haijaua mtu, baba," alisema, akikoroga. "Masikio ni ya kusikia, si ya kusimama."

Nyamai alikwenda kumshtaki Chege kwa daktari. Khamala alisikiliza mpaka mwisho, akauliza wanywaji ni wangapi na kila mmoja hunywa vikombe vingapi. Jumatatu alifika Toi na utepe wa fundi cherehani, akaanza kuwapima. Chege alimshikia ncha ya utepe kwa mkono mmoja. Kwa mkono wa pili alishika kongoro la supu akilitafuna, mafuta yakimchuruzika hadi kwenye kiwiko, naye akayafuata kwa ulimi.

Siku hiyo hiyo Nyamai aliacha kazi. Nyumbani alimweleza Kanini kila kitu, bila kupunguza neno. Kufikia wakati huo kichwa cha Kanini kilifika kwenye kiwiko cha mumewe.

"Nimekusikia, Baba Musembi," alisema. "Kabla ya supu hii nilikuwa ninalia nikigeuka kitandani. Sasa goti haliniumi."

"Haliumi kwa sababu linakwisha."

"Basi na likwishe bila kuuma. Kaniletee."

Nyamai alichukua chupa, akaenda.

Foleni ilikuwa ndefu kuliko ya juzi. Khamala alikuwa akiandika. Chege alikuwa amekwisha kushusha mzigo mpya wa miguu. Ili wateja waifikie supu yao, Adero alikuwa ameikata meza yake miguu kwa msumeno, ikabaki kimo cha kigoda. Nyamai alingoja zamu yake. Ilipofika, aliinama, peke yake katika foleni ile yote, akapokea.