Waya ya Becky

Jumatatu asubuhi, siku ya pili tangu arudi kutoka ng'ambo, Emmah alikuwa akitoa nguo kwenye begi azianike kwa kamba ya ploti, huko Gitothua, akakuta adapta. Waya zake tano za USB zilikuwa bado zimechomekwa.

"Ngai! Mum, nimebeba chaja ya wenzangu."

Haikuwa yake peke yake. Kule walikofanya kazi za nyumba, tajiri aliwaachia wasichana watano soketi moja, na kutoka hata kwenda dukani hawakuruhusiwa. Sasa wanne walikuwa na simu bila chaja.

Mamake akaichomeka kando ya birika. Emmah akaweka simu yake kwa waya moja, zile nyingine zikaning'inia bila kitu. Baadaye kidogo Becky, mmoja wa wale wanne, akaandika kutoka kule: "Asante, chaji inaingia. Ya Mishi pia." Mamake akauliza kama wamekula, kisha akaendelea kuchagua maharagwe.

Basi ikawa kazi. Simu ya mtu kule ikiwa inaingia chaji, ncha ya waya yake ilipata joto, na Emmah alizishika moja moja mchana kutwa. Keateka, mwangalizi wa ploti, alisema tu pasi isichomekwe pamoja na hiyo kitu.

Alhamisi saa nane mchana stima ikapotea. Becky akaandika akiwa na chaji asilimia sita. "Nimeambiwa nipange nguo. Napelekwa nyumba ingine, sijui wapi. Usiache simu izime, tafadhali."

 Emmah alikimbia na adapta kifuani hadi kwa kinyozi mwenye jenereta, akamwambia kuna wasichana ng'ambo simu zao zinazimika. Kinyozi akachomoa mashine yake, mteja akabaki na ndevu upande mmoja.

"Chomeka hapa, siste. Ni wa nani hao?"

"Ni wetu."

Waya za wale wengine zikapata joto. Ya Becky ilibaki baridi. Emmah aliishika hadi mteja akamaliziwa kwa wembe na kwenda zake, na kila alichomwandikia Becky kikabaki na tiki moja, hakijamfikia.

Jumamosi akaja Bedan, ajenti aliyewapeleka wote ng'ambo; habari za zile waya alikuwa amezisikia. Mamake Emmah alimmiminia chai.

"Becky yuko wapi?" Emmah akauliza.

"Alihamishwa. Hiyo si maneno ya ofisi yetu." Bedan akainama, akagusa waya moja moja. "Kuna msichana wa Kiuu anaruka Jumanne. Hii ya baridi iko na mtu?"

"Iko na mtu! Ni ya Becky! Usiiguse!"

Bedan akamaliza chai, akashukuru, akaenda.

Alhamisi iliyofuata waya ile ikapata joto mkononi mwa Emmah. Alipiga kelele, "Becky!" mpaka mamake akaja mbio kutoka nje. Simu ikalia. Ilikuwa namba asiyoijua.

"Sasa auntie, ni Ngendo wa Kiuu, Bedan alinipa namba yako. Chaji inaingia, asante sana. Hapa tunafungiwa mlango kwa nje. Ni kawaida?"