Bima ya Jikoni

"Mwanamume mzima nitibiwe kwa kadi ya jikoni?" Duane aliuliza, unga wa mbao bado umemganda kwenye nyusi.

Marlys aliendelea na kazi yake katika jiko la shule. Alikuwa anakwangua jibini kwenye trei, na jibini ya shule ikishagandia haibembelezwi. Mumewe alikuwa amekuja mbio kwa mlango wa nyuma, kwenye mapumziko ya mchana ya kiwanda cha mbao. Siku hiyo ndiyo ya mwisho kujiandikisha kwenye bima ya shule; ikipita, mpaka mwakani.

"Kadi ya jikoni itamlipia mwanetu Annika dawa ya sukari," alisema.

"Hata ya kiwanda inalipa. Tena yako ina makato makubwa."

"Inalipa leo. Mkigoma je?"

Duane akatazama buti zake. Alasiri ile wangepiga kura ya mgomo, na mwenye kiwanda alishatamka kwamba atakayegoma, bima yake inakatwa siku hiyohiyo. Msumeno wa kiwandani ulikuwa umemkata mwenzao Rudy vidole kwa kuwa kinga ya msumeno ilivunjika tangu kiangazi na hakuna aliyeitengeneza; ndiyo maana walitaka kugoma. Sasa aliyesimama kwenye msumeno huo ni Duane.

"Sitagoma," alisema kwa sauti ndogo. "Mtoto kwanza."

"Mtoto kwanza, ndiyo. Na baba yake arudi nyumbani mzima."

"Lakini bima yenu ni ya wanaofanya kazi siku nzima, mpenzi. Wewe wa nusu siku."

"Nimechukua na zamu ya alfajiri."

"Wewe? Unayeitukana saa ikilia?"

Verna, mpishi mkuu, aliangua kicheko kando ya jiko. "Akichelewa namkaanga pamoja na mayai! Na wewe Duane acha maringo. Mchagua jembe si mkulima."

Marlys hakucheka. Aliichukia zamu ile: giza la Minnesota, barafu kwenye kioo cha gari, uji wa watoto mia mbili kabla hata macho hayajafunguka sawasawa. Aliiogopa pia. Lakini alishaamua, na Marlys akiamua ameamua. Alinawa mikono, akavua aproni, akaenda ofisini kuandikisha majina yao matatu.

Alasiri alisimama nyuma ya ukumbi wa chama cha wafanyakazi, pamoja na wake za wafanyakazi wengine. Mwenyekiti akawaomba wanaotaka mgomo wanyooshe mikono. Mikono ikapanda, mmoja huku, miwili kule. Wa Duane ulikuwa bado mfukoni. Marlys alitamani kumwita, akajizuia. Yake alishayafanya, haya yalikuwa ya mumewe.

Kisha akauona ule mkono mpana unatoka, unasitasita kwenye usawa wa sikio, unapanda.

Mwenyekiti alihesabu safu ile, akasogea ya nyuma yake. Jirani zake Duane, walipokwisha kuhesabiwa, wakashusha mikono, wakaanza kunong'onezana. Wa Duane ukabaki juu.