Cheti cha Mbwa Aliyevuka Ikweta

Jumatano moja ya Juni 1951, saa moja asubuhi, seremala Casimir Mwaba alifika kwa Bwana Verdonck, mtaa wa Golf, Élisabethville, akiwa na randa, misumari na pasi ya siku moja ya kufanya kazi upande wa wazungu. Yoti aliyokuwa akiijenga kwa miaka miwili kwa mbao za mulombwa ilisimama juu ya majani ya bustani. Ilibaki kufunga mlango mmoja tu. Saa nne, Casimir akiwa bado amepiga magoti, bahari iliingia kutokea kwenye mipapai, ikajaa hadi kwenye ua, ikakomea hapo. Jirani alifunga madirisha kwa sababu ya harufu ya samaki.

Bwana Verdonck alipanda na mbwa wake Prince na kreti sita za bia, akasema wanakwenda likizo Antwerp. Hakuwa amepigilia hata msumari mmoja, lakini kofia ya nahodha alikuwa nayo.

"Wewe bakia," alimwambia Casimir. "Kitu ikivunjika, nani atatengeneza?"

Casimir alibaki, maana alikuwa na haja yake. Mwaka uliotangulia polisi walimlaza chini sokoni wakamchapa viboko vinane mbele ya baba mkwe wake, kwa kosa la kutovua kofia. Tangu siku hiyo alitaka kitu kimoja tu duniani: ile kadi ya wastaarabu, ambayo mwenye nayo hachapwi. Wakaguzi walikwisha kufika nyumbani kwake, wakakagua uma, wakanusa choo, wakataka kuona kama mke anakula mezani. Laurentine alikula ndizi moja mbele yao kwa kisu na uma, bila kucheka. Ilikosekana barua ya mwajiri.

"Tukivuka Ikweta, mimi nitaandika," alisema Bwana Verdonck.

Kila Jumapili baada ya misa Laurentine alisimama nje ya ua na kikapu cha bukari na sombe, ugali na majani ya muhogo, na Casimir alikivuta kwa kamba.

"Baba Agnès, mulisha kufika wapi?"

"Ikweta iko karibu. Maji iko mingi."

"Na barua?"

"Iko mbele."

Walivuka Ikweta siku ya ishirini na tatu, kati ya bomba la maji na banda la kuku. Mabaharia wa kizungu wana desturi yao: anayevuka mstari huo mara ya kwanza hubatizwa na mfalme wa bahari. Ni watu haohao wanaoyaita matambiko yetu ushenzi. Bwana Verdonck alivaa ndevu za katani, akashika wembe wa mbao aliouchonga Casimir mwenyewe.

"Bwana, mimi nilisha kubatizwa na Père wa parokia," alisema Casimir.

"Ile ya Père haifike huku."

Alipakwa grisi na masizi, akanyolewa kwa wembe ule, akatoswa baharini kichwa kwanza, mara tatu. Prince, aliyekuwa akivuka mara ya kwanza vilevile, alipakwa unga puani. Kisha Bwana Verdonck akaandika cheti chenye muhuri mwekundu, kwa jina la Prince. Casimir alipouliza chake, aliambiwa vyeti ni vya abiria, naye yuko kazini.

Siku ya arobaini na moja hewa ilinuka makaa ya mawe na mvua. Casimir alisugua sitaha, akapaka rangi palipochubuka, akaweka nanga tayari, akapandisha bendera ya njano ya kuomba ruhusa ya kuingia bandarini. Bwana Verdonck alisaidia kwa kunyoa ndevu. Afisa wa bandari alipanda ngazi akichuruzika maji, akasoma karatasi zote mezani. Cheti cha Prince alikigonga muhuri. Pasi ya Casimir aliisoma pande zote mbili.

"Huyu hashuki," alisema.

"Na barua, Bwana?" aliuliza Casimir.

"Nikirudi." Bwana Verdonck akaruka ua na mbwa wake, akaingia Antwerp.

Casimir alilinda chombo siku sita. Jumapili Laurentine alimuuliza anaona nini upande ule.

"Naona muzungu anafagia barabara. Mwingine amelewa, analala mu mufereji. Mama mumoja anauzisha samaki, hana viatu."

Laurentine alifikiri kidogo. "Na choo yao, nani anaangaliaka?"

Jumatatu maji yalikauka, yoti ikakaa juu ya majani. Casimir alifungua geti akakutana na polisi Jeannot, aliyekuwa akiimba naye kwaya moja parokiani. Jeannot aliitazama pasi.

"Casimir, hii ilishakufa siku makumi ine na saba."

"Nilikuwa ku Bulaya."

"Naona chumvi mu nguo. Lakini hapa baliandika Golf tu."

Alichapwa viboko vinane. Kwa kila kiboko chumvi iliruka kutoka kwenye shati. Jeannot alijipangusa midomo, akaendelea.

Bwana Verdonck alirudi Januari kwa ndege, amenenepa. Alisikiliza habari yote, akatikisa kichwa kwa huruma ya bei rahisi.

"Barua, ya muntu wa kuchapwa fimbo? Haiwezekani," alisema.

Kisha akamwagiza kazi. Cheti cha Prince kimetundikwa sebuleni hadi leo, ndani ya fremu ya mulombwa. Fremu hiyo Casimir aliitengeneza kwa mabaki ya mbao za yoti, na pembe zake zote nne zimekaa sawa.