Kitabu cha Tano na Ulimi wa Wembe

Mwenye binti mwenye ulimi mwepesi na asome haya akiwa amekaa. Yalimpata fundi cherehani mmoja, mama aliyeishia darasa la saba, ambaye maisha yake yote hakuwahi kugombana na mtu zaidi ya mteja aliyenenepa akadai gauni limeshonwa dogo.

Bintiye alifanya kazi kwenye duka la kutoa nakala, na akitoka kazini hana jingine ila vitabu. Jioni alishinda kwenye kibanda cha kuazimisha vitabu cha mzee aliyeitwa Profesa, ingawa hakuna aliyewahi kumwona akifungua kitabu ila kukipuliza vumbi. Pale kibandani kila anayerudisha kitabu huandika maoni yake kwenye daftari lililofungwa kamba mezani, na kila anayekuja kuazima hulisoma daftari kwanza, kitabu baadaye. Maoni ya binti huyu yalikata, ndipo wasomaji wakambatiza Wembe. Jina akalipenda. Mama yake hakulipenda, lakini nani alimuuliza?

Vitabu vilivyogombewa kuliko vyote ni vile vya Enzi ya Milima Tisa, vya wafalme, majoka na vita visivyokwisha, kila kimoja kinene kama tofali. Profesa alikuwa na nakala moja moja tu. Kwa hiyo kila kitabu alikipasua mahali sura inapoanzia, akakigawa sehemu tatu ili watu watatu wasome kwa mpigo, akapunguza kingo kwa mashine ya kukatia karatasi, hata namba za kurasa zikaenda na vipande, na sura zenyewe hazikuwa na namba. Kisha sehemu zile zilipelekwa kwa mama Wembe, akazishona kwa uzi mnene, akazivika karatasi ya kaki na kuandika nje: moja, mbili, tatu. Vitabu vinne vya kwanza alivishona vizuri, hakuna aliyelalamika.

Kitabu cha tano kilipotoka, Wembe alikuwa wa kwanza kukisoma, sehemu zote tatu kwa siku mbili. Akarudi nyumbani amefura. Malkia amezikwa katikati ya kitabu, mwishoni yuko hai anabishania supu. Jemadari ana mkono mmoja, mara ana miwili. Na baada ya miaka mitatu ya kusubiri, kitabu kinaishia kwenye hema, watu wanangoja mvua ikatike. Kitabu cha nne kilishawahi kuruka miaka na kuleta mizimu, kwa hiyo Wembe alijua ni michezo ile ile ya mwandishi, safari hii imemshinda. Akaandika daftarini kurasa mbili. Mwandishi amechoka. Mwandishi amelewa sifa. Mwandishi anauza karatasi.

Waliofuata wakayasoma hayo kabla ya kitabu, na kila mmoja akaongeza kuni. Mwalimu mmoja wa hesabu aliandika kwamba mwandishi arudishwe chekechea akajifunze kuhesabu mikono. Kinyozi alikiri kuwa aliishia sehemu ya kwanza, ila hakuona haja ya kuendelea kwa yale aliyoyasoma daftarini, naye akatukana vile vile.

Wembe akayachukua maoni yake, akayanyoosha, akayapeleka gazetini. Mhariri wa ukurasa wa vitabu akamjibu kuwa yatatoka Jumamosi, na yakipendwa atapewa nafasi kila wiki. Hilo ndilo binti alilolilia tangu shule. Mama akafurahi, kisha akasoma nakala ya maoni yale, akaacha kushona.

"Mwanangu," alisema, "aliyeandika kitabu naye ana mama."

"Mama, wewe shona."

Basi akashona. Lakini ukimwona mtoto wako ana hasira kiasi kile na mtu asiyemjua, utataka kujua amekosewa nini. Jumatano akaziazima sehemu zote tatu. Alisoma kama alivyofundishwa darasa la tatu, rula chini ya mstari, midomo ikitembea. Sehemu ya kwanza ikaishia jeshi linafika kwenye daraja. Akafungua ya pili: mazishi. Daraja liko wapi? Mtu asomaye haraka husema mwandishi ameruka. Yeye alikuwa fundi. Akiona mkono wa gauni umeota kwenye pindo, hasemi kitambaa kina wazimu. Akaifungua ile ya tatu, na sentensi ya kwanza tu farasi wanalivuka daraja. Kurasa thelathini mbele, jemadari akakatwa mkono.

Akaigeuza akatazama jalada. Ile tatu ilikuwa ya mwandiko wake mwenyewe. Siku ile ya kuzishona alizipanga sehemu chini ya pasi gundi ikauke, akaenda kumpima mteja kiuno, aliporudi akaandika namba bila kufungua ndani.

Alhamisi, Wembe akivua viatu, mama alimweleza yote, taratibu, akijilaumu yeye. Binti alimsikiliza huku akitabasamu vile watu wanavyomtabasamia mgonjwa.

"Watu kumi na wanane wamekisoma, Mama. Kuna mwalimu mle. Wewe uliyeishia darasa la saba ndiye umeona?"

Vitabu vilikuwa pale pale kwenye kochi, mkono wa kuvifikia mama alikuwa nao. Angeweza kumfungulia lile daraja. Angeweza kwenda kwa Profesa kesho yake, angeweza hata kumwomba mhariri. Lakini neno lile la darasa la saba lilikuwa limemchoma, na aliogopa Profesa asije akampa fundi mwingine kazi. Akanyamaza Ijumaa nzima. Kuandika namba vibaya lilikuwa kosa la mkono. Huku kunyamaza kulikuwa kosa lake hasa, nanyi mnaosoma msije mkalirudia.

Jumamosi gazeti likatoka. Kufika adhuhuri simu ya Wembe haikushikika. Waliokinunua kitabu kizima, katika miji ambayo Wembe hajawahi kuikanyaga, walimla nyama. Mmoja alimuuliza, dada, kwenu mnazika kwanza ndipo mnaugua? Mwingine alisema huyu ameanza kula kwa kunawa kule kwa mwisho. Walicheka maelfu. Hakuna aliyejiuliza imekuwaje, kama vile yeye asivyojiuliza. Mhariri alipiga simu fupi: gazeti litaomba radhi, na ile nafasi ya kila wiki asiingoje.

Binti alizichukua zile sehemu tatu, akazifungua mlangoni akiwa amesimama, akasoma mstari wa kwanza wa ile tatu. Kisha akaelekea kibandani, mama nyuma yake.

Wasomaji walikuwa wamejaa, na gazeti liko mezani. Mama akasema mbele ya wote kwamba namba ni yeye alizikosea. Ungedhani watasikitika kwa kumtukana mwandishi wa watu bure. Thubutu! Matusi yalibadilisha tu anwani. Mwalimu wa hesabu alitaka kujua kazi ya vitabu anapewaje mtu asiyesoma. Kinyozi alidai amepotezewa muda, naye aliishia sehemu ya kwanza. Profesa akasema tangu mwanzo alimshuku, na kazi akasema basi.

Mama alimtazama bintiye. Alijua neno moja tu la binti lingetosha, kwamba huyu aliniambia tangu Alhamisi. Ulimi uliowakata watu miaka mitatu haukupata pa kukata. Wembe alitazama sakafu mpaka wakatoka.

Walirudi nyumbani, binti mbele hatua kumi. Mama akaketi kwenye cherehani, akatia uzi, uzi ukakataa tundu mara tatu. Baadaye Wembe akaja akasimama karibu.

"Nilisoma mbio. Huyo malkia, anakufaje?"

Mama alikuwa anajua. Alikuwa ameusoma ukurasa ule mara mbili, na machozi yalimtoka.

"Kasome," alisema bila kuinua macho. "Na ushike rula."