Mkono Uliofungwa kwa Kamba ya Mgomba

Loice aliizaba piano kofi, kofi la kweli, na kanisa tupu la Keumbu likavuma. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umemwangusha tena. Wimbo ulitaka kidole kidogo kigonge besi kule mwisho kabisa, kisha mkono uruke hadi katikati ushike noti tatu kwa pamoja, urudi chini, uruke tena, mwanzo hadi mwisho bila kupumua. Mkono wa kulia haukuwa na taabu. Wa kushoto uliruka, ukasita njiani, ukaangukia kibao cha jirani. Sauti iliyotoka hapo ungedhani sufuria imeanguka jikoni.

Na wimbo wenyewe, jamani, nani aliuleta? Alfayo, mwalimu wa kwaya. Aliutunga kwa ajili ya makambi, ile mikutano mikubwa ya kanisa ya Agosti, mwaka huo wa 1972, akaujaza miruko kwa sababu alikuwa amesikia mtu akipiga hivyo Nairobi na roho yake ikapenda. Yeye mwenyewe kupiga hata mstari mmoja hawezi. Lakini Sabato iliyopita alimwambia Loice mbele ya kwaya nzima kwamba besi zikiendelea kuchechemea, atamleta shemeji yake Ishmael kutoka Kisii mjini akalie kile kiti cha piano siku ya makambi, na siku zote baada ya hapo. Loice alikuwa amekikalia tangu mke wa mmishonari aliyemfundisha alipofunga mizigo akaenda kwao. Shuleni alikuwa mwalimu kama walimu wengine, nyumbani alikuwa mke wa Ongeri. Pale kwenye piano ndipo alipokuwa Loice. Sasa amwachie Ishmael, mtu wa kupaka nywele mafuta na kufika mazoezini amechelewa? Thubutu.

Kwa hiyo kila alasiri, shule ikifungwa, alikuja kufanya mazoezi. Alipunguza mwendo mpaka wimbo ukawa wa msiba. Aligonga besi, akaruka, akagusa noti za juu bila kuzibonyeza, akakagua kama vidole vimekaa mahali pake, ndipo akabonyeza. Polepole aliweza. Akiongeza kasi tu, mkono unasita palepale hewani. Siku hiyo, baada ya lile kofi, aliacha kutazama vibao akautazama mkono wenyewe. Akauona ukiruka, na katikati ya safari akaona vidole vikijikunja na vifundo vikiinuka, kama mkono wa mtoto anayengoja fimbo.

Hapo akaelewa, na damu ikamchemka upya.

Loice alizaliwa mashoto. Mama yake, Nyamusi, aliuona ule mkono ukitangulia katika kila jambo, kijiko, jembe, salamu, akaufunga kiunoni kwa kamba ya mgomba kutwa nzima hadi ushike adabu. Mtoto akiifungua kamba, anachapwa vifundoni. Na kanisani, siku aliyotoa sadaka kwa mkono huo, Mzee Obwocha, ambaye wakati huo alifundisha watoto Shule ya Sabato, aliichukua ile sarafu kapuni akamrudishia, akasema Mungu hapokei vya kushoto. Watoto wenzake walicheka mpaka wakashika mbavu. Yeye alirudi nyumbani na sadaka yake, na hakuisahau siku hiyo.

Alifunika piano akashika njia ya Birongo, kwa mama yake. Alikuwa na maneno ya kumwambia, na njia nzima aliyapanga.

Mama alikuwa shambani, kikapu mgongoni, anachuma majani chai. Hakuwa amemwona. Loice alisimama ukingoni mwa shamba akitafuta pa kuanzia, na alipoangalia vizuri maneno yote yakamkauka mdomoni. Mkono wa kulia wa mama ulikuwa umeshika matawi tu. Wa kushoto ndio uliochuma. Ulinyofoa machipukizi, ukaruka juu ya bega, ukayatupa kikapuni, ukarudi kichakani, upesi upesi, na mama hakugeuza kichwa hata kidogo. Haukusita popote.

Maisha yake yote Loice hakuwahi kumwona mama akifanya kazi kwa mkono huo. Mbele ya watu ulikaa ndani ya leso aliyojifunga.

"Kumbe na wewe ni mashoto," alisema kwa hasira. "Wewe mwenyewe, mama. Na ukanifunga."

Mama aligeuka, na mkono ukakimbilia ndani ya leso kama mwizi. Ndipo Loice akamwaga yote, ya kamba, ya vifundo, ya piano, ya Ishmael. Alisema mambo ambayo binti hamwambii mama yake, na aliyasema kwa sauti ya kusikika kwa majirani. Mama alimwacha amalize. Hakuomba radhi, hakuwa mtu wa kuomba radhi. Alieleza tu kwamba alipoolewa katika boma hilo, asubuhi ya kwanza alimpelekea mama mkwe wake uji, akampa kwa mkono ule. Mama mkwe aliupokea, akawaita wake wa shemeji zake wote waje waone, kisha akaumwagia mbwa.

"Sikutaka uji wako umwagwe," mama alisema. "Basi."

"Mimi nilikuwa mtoto. Ungewafunga wao midomo."

Mama alirudi kwenye chai, na kwa kuwa binti alikuwa akimtazama, alichuma kwa mkono wa kulia, ovyo ovyo, majani yakimwanguka miguuni. Hilo lilimuuma Loice kuliko kamba. Aliondoka bila kuaga.

Hasira hazikumtoka, na mimi sitamsingizia kwamba zilimtoka. Lakini alipokaa tena kwenye piano hakuusukuma mkono. Alitazama ukutani akautupa, kama mama alivyoutupa begani, bila kuuchunga. Ulikosea, akautupa tena. Ulipoanza kujikunja aliuachia ulegee, akakumbuka yale majani yaliyoanguka chini, akafura, akautupa. Makambi yalipokaribia, mkono ulikuwa unafika wenyewe, mara nyingi ukimtangulia yeye.

Siku ya makambi watu walijaa hadi madirishani, wengine wametoka Nyakoe. Ishmael aliketi mbele, nywele zinang'aa, tayari kuitwa. Alfayo akainua mikono, akaanza wimbo kwa kasi ambayo hawakuwahi kuifanyia mazoezi. Loice aliona wazi kwamba ni makusudi. Wacha aone, alijiambia, na mkono wa kushoto ukaondoka. Uligonga chini, ukaruka, ukashika, ukarudi. Katika ubeti wa tatu ulikosea mahali pamoja, naye akapita kama hakusikia. Kufikia kiitikio cha mwisho ni Alfayo aliyekuwa akihema akimfuata, na Ishmael alikuwa anatazama viatu vyake.

Ibada ilipoisha watu walitoka kwa mstari kama kawaida yao, kila mmoja akiwapa mkono waliotangulia, kisha anasimama mwisho ili wanaofuata wampe yeye. Mzee Obwocha alikuwa mlangoni, na mama yake Loice alisimama wa pili, mkono mmoja ndani ya leso. Hawakuwa wamezungumza tangu siku ile ya shambani. Mzee alicheka kwa furaha, akamnyooshea Loice mkono wa kulia, akamwambia Mungu amempa mikono ya ajabu.

Loice alimpa wa kushoto.

Kicheko kilimkauka mzee. Alishusha mkono wake polepole, akaurudisha mgongoni, akatazama juu ya kichwa cha Loice kumtafuta mtu wa nyuma. Mstari mzima ulikuwa unaangalia. Mkono wa Loice ulibaki umening'inia pale, na vidole vilianza kujikunja, vifundo vikainuka.

Mama alitoa mkono wake kwenye leso, wa kushoto, mweusi kwa utomvu wa chai, akaushika ule wa binti yake mbele ya watu wote wa Keumbu. Aliushika kwa nguvu mpaka vidole vikanyooka.

"Mzee," alisema, "mtoto wangu anakusalimu."

Wala hakuuachia, na mstari wote nyuma yao ukasimama kungoja.