Maji Nusu Tani Juu ya Kitanda cha Dada

Siku niliyokwenda kwa daktari wa meno nikiwa nimevimba shavu, nilisahau jino. Pale ukumbini kwake palikuwa na tangi la kioo, refu kama kitanda cha mtoto mkubwa, na ndani yake samaki wa rangi ya chungwa walipita polepole kama watu wenye mji wao. Msaidizi aliniita, sikusikia. Akaniita tena, ndipo jirani yangu akanigusa bega. Basi daktari alipohamia jengo jingine lisilo na nafasi, alimkumbuka yule mzee wa kutazama samaki, akaniuliza kama nalitaka tangi. Nilisema ndiyo kabla hajamaliza swali.

Nyumbani ndipo nilipoanza kufikiri. Chini tuna vyumba viwili. Cha mbele tumempangisha fundi saa, cha nyuma analala dada yangu mkubwa. Juu, penye sakafu ya mbao, nalala mimi.

"Dada, tuliweke kwako," nilimwambia. "Chini ni saruji juu ya ardhi, halitakuwa na tatizo."

"Sitaki kulala na viumbe wasiofumba macho," akajibu. "Wapandishe kwako. Wewe ndiye uliyesahau jino kwa ajili yao."

Dada yangu alikuwa mkunga hospitalini mpaka alipostaafu. Mimi nilikuwa msoma mita za maji. Mchana nilipita nyumba hadi nyumba nikifunua vifuniko na kuandika tarakimu, na jioni nilikwenda darasani pamoja na watu wazima wenzangu waliosinzia juu ya madawati. Mimi sikusinzia. Ni huko nilikojifunza kwamba lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Niliiandika hesabu hiyo kwenye mtihani, nikapata alama zangu. Lakini sikuwahi kuiogopa mpaka nilipokaa na penseli, nikapiga hesabu ya urefu, upana na kina cha tangi lile. Lita mia tano. Nusu tani ya maji, na hapo bado sijahesabu kioo chenyewe, mchanga, mawe na meza ya kulibeba. Nilitazama kona tupu ya chumba changu, nikaona kama ng'ombe wawili wamesimama pale, hawalali, hawatoki kwenda malishoni. Na chini ya kwato zao, kitanda cha dada.

Mwanawe ni seremala. Watu wanamwita Kelele, kwa sababu mdomo wake na randa yake havijawahi kupumzika. Alikuja, akarukaruka katikati ya chumba changu mpaka vikombe vikagongana kabatini.

"Sakafu ngumu hii, mjomba! Tupige vigae, vile vinene vya kung'aa. Tangi likae juu yake kama mfalme."

"Kigae hakibebi," nikamwambia. "Nacho kinabebwa. Utakuwa umemwongezea mzigo mtu aliyelemewa, halafu unadai umemsaidia."

Akajikuna kichwa. "Haya, msomi. Wewe wasemaje?"

Nilimweleza niliyoyasoma maktaba. Sakafu ya mbao haibebi kwa mbao zake za juu. Inabeba kwa boriti zilizo chini yake. Tangi lisikae katikati ya chumba, ambako boriti hunepa, bali kando ya ukuta, karibu na pale ncha zake zinapoingia ukutani. Tena lilale likizikatiza, ili likanyage nyingi kwa pamoja. Juu ya mbao tuweke plaiwudi nene ya kuutawanya uzito, na juu ya plaiwudi, plastiki ngumu, maana maji yatamwagika tu, hata mtu awe mwangalifu namna gani. "Na chini," nikasema, "tuingize boriti mpya katikati ya zile za zamani."

"Chini wapi?"

"Kwa mama yako."

Kelele akafanya jambo ambalo halijazoeleka. Alinyamaza.

Dada hakukataa. Alifunika kitanda chake kwa shuka kuukuu, akatuambia tukivunja kitu tutamjua yeye ni nani, akaenda kukaa kwa fundi saa. Tukabandua dari yake.

Vumbi lilishuka kama gunia la unga lililopasuka. Lilipotulia tuliinua macho, na mimi nikavua kofia. Kwa mara ya kwanza maishani niliona boriti za nyumba yetu. Zilikuwa nyekundu, nzito, zimechongwa kwa tezo, na kila pigo la tezo bado lilionekana, moja kando ya jingine, kama magamba. Mtu fulani alizichonga kabla sijazaliwa, akazifunika kwa dari, akaenda zake bila kutia jina. Juu yake nilijifunza kutembea. Juu yake nilicheza siku ya harusi yangu, na juu yake lilikaa jeneza la mke wangu. Muda wote ule zilikuwa hapo gizani, zimetubeba.

"Hakuna hata mchwa mmoja," Kelele alinong'ona. Sikujua kwamba anaweza kunong'ona.

Tulifanya kazi taratibu. Boriti mpya ziliingia moja moja, ncha zake zikakalishwa ukutani juu ya vyuma. Juu tukatandaza plaiwudi na plastiki. Kelele aliweka pima maji, na kile kiputo kikasimama katikati kabisa. Wanaume wa mtaa walilipandisha tangi likiwa tupu, wakilaumiana kila kona ya ngazi. Likabaki kujazwa tu.

Asubuhi ya kujaza tulimkuta dada amelala kitandani kwake, mikono kifuani, macho juu.

"Mama, toka kidogo ukakae nje," Kelele akasema.

"Kwa nini?"

"Basi tu. Kwa usalama."

"Nani amepiga hesabu?"

"Mjomba."

"Nani amepiga misumari?"

"Mimi."

"Na leo usiku nitalala wapi, kwa fundi saa?" Akavuta shuka. "Mkinitoa hapa, maana yake hamuiamini kazi yenu. Kama hamuiamini, msijaze."

Nilimsihi, nikamkumbusha umri wake. Alinikumbusha wangu. Tulipanda ngazi. Nawaambieni kweli, nimebeba mambo mengi, lakini sijawahi kushika kitu kizito kama mpira wa maji asubuhi ile.

Maji yakaanza kupanda kwenye kioo. Yalipofika nusu, sakafu ikatoa mlio mmoja, mkali, kama kifundo cha kidole kikialika. Kelele akaziba mpira kwa kiganja.

"Mama!"

Kimya.

"Mama!"

Sijui nilishukaje zile ngazi. Tulimkuta amesimama kando ya kitanda. Alikuwa ameinua mpini wa ufagio mpaka ukagusa boriti, na mwisho wake wa chini ameubana kwenye kile kipembe cha mbao alichokuwa akisikilizia matumbo ya wajawazito. Sikio lake lilikuwa kwenye kipembe.

"Nyamazeni," akasema. "Ule mlio haukuwa wa kuvunjika. Ulikuwa wa kukaa. Mtu mnene akikaa kitini, kiti husema. Mwanangu, panda ufungulie maji kidogo."

Kelele akapanda. Nilisikia maji yakichuruzika juu, na dada akahamisha mpini kutoka boriti hadi boriti, uso wake umetulia, macho ameyafumba. Nilimwona kama alivyokuwa wodini, ambako sikuwahi kufika.

"Huyu anaongea," akasema. "Huyu anaongea. Huyu naye." Akafika kwenye boriti moja mpya, akasikiliza, akaondoa mpini, akaurudisha. "Huyu kimya."

Kelele alikuwa amesharudi mlangoni. "Labda ndiye imara kuliko wote, mama."

"Kimya sikipendi mimi. Kimya ndicho kilichokuwa kikinitoa mbio wodini."

Nililetewa kiti, nikapanda. Nikachana kipande cha gazeti, nikakipenyeza kati ya boriti ile na mbao za sakafu. Kikapita. Nikakisukuma kwenda na kurudi, hakikugusa chochote. Boriti ilikuwa na mbonyeo kidogo upande wa juu, na mbonyeo huo haukuonekana kwa macho. Ilikuwa imekaa pale, nzuri, imepakwa dawa ya mchwa, na haikuwa imebeba hata kilo moja. Kwenye hesabu zangu niliipa fungu lake. Fungu hilo walikuwa wamelipokea wenzake kimyakimya, na tangi lilikuwa bado nusu.

"Zilizobaki zitatosha, mjomba," Kelele akasema, lakini hakunitazama.

Nilimtazama dada. Alikuwa akifuta kipembe kwa upindo wa kanga, kana kwamba jambo hilo halimhusu.

"Tutoe maji," nikasema.

"Yote?"

"Mpaka tone la mwisho."

Tuliyanyonya kwa mpira kupitia dirishani, na wapita njia wakadhani bomba limepasuka. Kelele akachonga kabari za mti mgumu, nyembamba kama ulimi. Tukazigonga kati ya boriti na sakafu, kutoka pande zote mbili, gonga huku, gonga kule, mpaka kipande cha gazeti kikakataa kupita kokote. Hakupiga soga hata moja. Kisha tukaanza upya.

Safari hii dada hakungoja kuitwa. Maji yalipofika robo alisikiliza. Yalipofika nusu akasikiliza tena. Sakafu ilisema kidogo, ikanyamaza. Tangi lilipojaa karibu na ukingo nilishuka, nikamkuta amekaa kitandani amechoka, akanipa kipembe.

"Sikiliza na wewe. Huwezi kuandika tarakimu tu."

Nilibana mpini kwenye ile boriti ya kabari. Mwanzoni nilisikia damu yangu mwenyewe. Halafu, mbali, ndani kabisa ya mti, nikasikia maji. Hayakuchuruzika. Yalikuwa mvumo mnene, mpole, wa kitu kikubwa kinachojigeuza mahali pake. Nikahamia boriti ya zamani, nikausikia mvumo uleule. Zote zilikuwa zimeshika. Nilisimama pale mpaka shingo ikauma, na sikutaka kumrudishia.

Baada ya chakula cha mchana tuliwatia wale samaki wa daktari, waliokuwa wakingoja ndooni. Walizama kidogo, wakashangaa, kisha wakaanza kupita. Jua la dirishani liliingia majini, likatoka upande wa pili limevunjika vipande vipande, likacheza ukutani na juu ya mikono yetu. Kelele alikaa sakafuni miguu ameikunja. Hakurukaruka.

"Mjomba," akasema, "unasikia?"

Nilidhani sakafu. Nikainama, nikaweka sikio kwenye mbao.

Chini yetu, chini ya samaki na mchanga na mawe na nusu tani ya maji, dada yangu alikuwa akikoroma.

Tulivua viatu.