Kiti cha Anayeendesha

Kalibu lilisema jambo moja, mteja akasema jingine, nami nikabaki katikati na kisu mkononi.

Karakana ya Shangazi inatengeneza viti vya magari. Kwa miaka miwili nilishona mazulia ya sakafuni tu, huku mafundi wenzangu wakiniita Diploma kwa kebehi. Ndipo mteja mmoja, tuliyemwita Mkandarasi, akaleta gari lake la mbio, la viti viwili, fupi kiasi kwamba mtu hulivaa badala ya kulipanda.

"Haya, Diploma," Shangazi akasema. "Ukimridhisha huyu, meza ya kukatia ni yako. Ukiharibu, unarudi kwenye mazulia, na safari hii hutoki."

Kiti cha gari kama hilo huchongwa kwa mwili wa mwenyewe. Mwili ukiteleza kwenye kona kali, mikono inang'ang'ania usukani badala ya kuuzungusha. Kwa hiyo huwa tunamkalisha mtu juu ya mfuko mkubwa wenye punje za sponji, tukanyonya hewa kwa pampu, na mfuko ukakakamaa ukiwa na umbo lake; hilo ndilo kalibu.

"Kaeni kama mnavyokaa garini," niliwaambia Mkandarasi na mkewe, mwalimu wa hesabu. "Nani anaendesha?"

"Swali gani hilo, binti?" Mkandarasi alicheka. "Huyu hata gia hazijui."

Mwalimu akaketi kwenye mfuko wake.

Walipoondoka niliyakagua makalibu yao, nikachanganyikiwa. La Mkandarasi lilikuwa na mapaja mawili yaliyokazwa pamoja, kama ya mtu anayetafuta breki isiyokuwepo, na bega limeegemea mlango. La Mwalimu lilikuwa na paja la kulia lililotulia, la kushoto limeinuka kidogo, tayari kwa klachi.

Nikadhani nimebadilisha vibandiko vya majina. Nikapima mabega, nikapima migongo. Kila kibandiko kilikuwa mahali pake. Sasa kosa liko wapi? Nililala nalo, nikaamka nalo.

"Shangazi, yule baba hakai kidereva."

"Kata alivyosema."

"Na mwili wake je?"

"Mwili wake haukuagiza kazi. Mdomo ndio ulioagiza."

Siku nzima nilizunguka meza, mara nimeshika kalibu hili, mara lile. Mwishowe nikakata kiti cha dereva kwa kalibu la Mwalimu. Ulikuwa ujasiri au ujinga? Hata leo sijui.

Siku ya kujaribu, Mkandarasi aliingia upande wa usukani akakwama kiunoni kama kizibo. Akajipinda, akahema, mpaka watu wawili tukamchomoa.

"Hiki ni kiti cha nani?" alifoka.

"Hebu jaribu wewe, Mwalimu," nikasema.

Aliteleza ndani, kiti kikampokea bila pengo. Mkono wake ukarekebisha kioo kabla macho hayajafika, mguu ukakanyaga klachi, gia ikaingia.



"Baba, wameshajua," alimwambia mumewe taratibu. Kisha akatugeukia. "Mimi ndiye naendesha, mpaka kona ya mwisho kabla ya klabu yake ya magari. Hapo tunabadilishana viti, naye anaingia getini na gia namba moja."

Kicheko kilimponyoka Shangazi, akakigeuza kikohozi.

"Binti huyu ameniaibisha!" Mkandarasi alikuwa akitokwa jasho. "Aniombe radhi sasa hivi, la sivyo naondoka na gari langu na siwajui tena!"

Shangazi alinishika kiwiko. "Diploma, mwombe radhi. Neno moja tu, mwanangu, na meza ni yako."

Nikazidi kuchanganyikiwa. Mwalimu alikuwa bado amekaa, hapakuwa na upenyo hata wa kupitisha kidole kati ya mgongo wake na kiti. Radhi ya nini hasa?

"Siombi," nikasema.

"Diploma!"

"Nimechonga kiti cha dereva, na dereva amekaa. Kama ni mazulia, Shangazi, nitashona. Radhi siombi."